Msimu wa Kuwasha Moto kwa Majirani

Moshi wa makumbi ya nazi una harufu mbili. Makumbi yakiwaka chini ya chungu, harufu yake huchanganyika na ya mchicha, ya dagaa, ya wali unaokaukia, na mtu aliye njiani hujua kwamba akifika atakaribishwa. Makumbi hayohayo yakiwaka katikati ya mafiga matupu hutoa harufu nyingine, kavu, inayokaa kooni na haimwahidi mtu kitu. Hiyo ya pili ndiyo harufu ya utoto wangu. Siku hizi nikiisikia mahali, hata kama ni kwa fundi anayefukuza nyuki, mkono wangu hushuka wenyewe kwenye pindo la kanga kutafuta funguo ambazo sinazo tena.

Nilikulia Kibiti, pembeni kabisa mwa mji, mahali ambapo mgeni hakuweza kusema kwa uhakika kama yuko mjini au shamba. Mbele yetu ilipita barabara kuu. Mabasi ya Dar es Salaam yalikwenda kusini na ya kusini yalikwenda Dar es Salaam, na wachuuzi waliyakimbilia madirishani wakiwa wameinua machungwa, mayai ya kuchemsha na korosho. Nyuma yetu ilianza mihogo, kisha mikorosho, kisha njia za miguu zilizoteremka kuelekea bonde la Rufiji. Watu wa mtaa wetu walikuwa na nyumba huku juu kwa ajili ya shule, zahanati na msikiti, na walikuwa na mashamba ya mpunga bondeni kwa ajili ya tumbo. Masika ikikolea na mpunga ukaanza kutoa masuke, ndege walishuka kwa makundi kama vumbi la barabarani, na hapo mtaa mzima ulihama. Kila familia ilikwenda kukaa kwenye dungu lake, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, kupiga kelele na kugonga makopo kutwa. Walifunga milango, wakabeba masufuria, mikeka na watoto, na hawakurudi mpaka mavuno. Walimu walizoea kuona madarasa yakipungua msimu ule kama kisima wakati wa kiangazi.

Kila mwaka na sisi tulikwenda. Nakumbuka mama akiwa juu ya dungu, sauti imemkauka kwa kupigia ndege kelele, akinong'ona kama mgonjwa usiku na kunguruma kama simba asubuhi. Mwaka ninaousimulia hatukwenda. Baba alikuwa ametangulia mwaka uliopita, na mama akamfuata kabla ya mvua za kupandia, kwa hiyo shamba letu halikupandwa. Tulibaki watatu. Mimi, Siwema, nilikuwa darasa la sita. Shabani alikuwa darasa la pili. Tatu, mdogo wetu, alikuwa bado wa kufuata pindo la kanga, hajaanza shule wala hajamaliza kuuliza mama atarudi lini.

Siku ya arobaini ya mama, baada ya kisomo na chakula, wanaume walikaa barazani na wanawake wakakaa ndani. Mimi nilikuwa uani nakwangua masufuria. Mwenye neno alikuwa Baba Mkubwa Mfaume, kaka yake baba, mkata boriti za mikoko wa Mbwera, kule visiwani kwenye delta. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na mabega makubwa. Nilimsikia akisema Shabani ataondoka naye akajifunze kazi ya majini, na Tatu atapelekwa kwa shangazi yetu Dar es Salaam, ambaye hakujaliwa mtoto. Mtu mmoja akauliza, "Na huyu mkubwa?" Baba Mkubwa akasema, "Siwema ni mtu mzima. Atafuata huku au kule, tutaona." Hawakuwa watu wabaya. Kwetu yatima hagawanywi kwa chuki. Hugawanywa kama mzigo unavyogawanywa kwa wapagazi, ili asiwepo wa kuvunjika mgongo. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba mama alikuwa na watoto watatu na sasa hatakuwa na nyumba hata moja ambamo wamo wote. Nikatoka na masizi mikononi, nikasimama mbele ya wazee, jambo ambalo msichana hafanyi.

"Baba Mkubwa, niachie wadogo zangu."

Wengine walicheka, si kwa dharau. Yeye hakucheka. "Mwanangu, wewe mwenyewe unahitaji wa kukulea. Yatima hadeki." Nikamwambia sideki, naomba. Akatazama chini. Alisema anarudi Mbwera kutengeneza nafasi, na atakuja kuwachukua masika itakapotulia.

Basi mvua zikaanza, na watu wakaanza kuhama. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Pili, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mpana. Asubuhi aliyoondoka alikuja kwetu ana kitita kichwani, mtoto mgongoni, na ufunguo mkononi.

"Siwema, mwanangu, unajua nyumba inakufaje?"

"Sijui, Mama Pili."

"Inakufa mdomo umefungwa. Mvua hii na moto hamna, makuti yanaoza, mchwa wanapanda, nikirudi nalala nahesabu nyota. Nifungulie kila asubuhi, uniwashie moto. Makumbi tu, kuni zangu usiniguse! Na uwanja ufagie, mpita njia aone pana watu. Kuku wakitaga mayai yenu. Nikivuna, mchele nakuletea mwenyewe."

"Na nikiona nyoka?"

"Msalimie. Naye atakuwa anatafuta watu."

Nyumba za mtaa wetu wakati ule zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, na kila mtu alijua kwamba moshi ndio dawa ya paa. Moshi hukausha boriti, hufukuza dumuzi, humkatisha mchwa tamaa. Nyumba isiyopikwa msimu mmoja wa mvua huanza kuinama kama mzee. Zamani kila familia ilimwacha bibi mmoja nyuma kwa kazi hiyo, lakini mwaka ule mpunga ulikuwa mzuri na kila mkono ulitakiwa bondeni. Habari kwamba watoto wa marehemu wanabaki zikaenea. Kabla juma halijaisha, pindo la kanga ya mama lilikuwa limejaa funguo, zinanigonga paja nikitembea.

Kazi ilianza alfajiri. Shabani alikwenda kuokota makumbi kwa watu wa mjini waliofua nazi, akayarudisha kwenye gunia lililomzidi kimo, kisha akaenda shule. Tatu alinishikia mlango usijifunge kwa upepo. Mimi niliingia. Nyumba ya mtu asiyekuwepo ina ubaridi wa namna yake. Kinu kimelazwa, mtungi umefunikwa, kanga ya zamani inaning'inia kwenye kamba kama mtu aliyegeuza mgongo. Nilipiga magoti, nikapulizia, nikasubiri makumbi yashike, kisha nikayafunika kidogo yatoe moshi bila ndimi. Nikafagia uwanja kwa chelewa, mistari ikakaa sawasawa, na hakuna mguu uliokuja kuiharibu. Hicho ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Niliyazoea mapema giza la ndani na panya wa darini, lakini uwanja uliofagiwa jana na ukakutwa leo vilevile, bila hata alama ya kitoto kilichocheza, ulinifanya nitake kupiga kelele.

Nilipomaliza nyumba ya mwisho, kengele ya shule ilikuwa imelia zamani. Kwanza nilichelewa, kisha nikawa nakwenda siku za mvua ndogo tu, kisha siendi. Mwalimu alimuuliza Shabani, naye akajibu, "Dada anawasha moto." Mwalimu akadhani ni utundu, akamchapa. Hakuna aliyeniambia niache shule, na hakuna aliyeniambia nirudi. Madaftari yangu niliyahifadhi juu ya kabati, yakafukizwa pamoja na paa.

Ukitazama kutoka barabarani, mtaa wetu ulikuwa umejaa watu. Moshi ulitoka kwenye kila paa, ukalala juu ya makuti yaliyolowa, na abiria kwenye mabasi bila shaka walidhani wanawake wanapika. Muuza samaki wa baiskeli alidhani hivyohivyo. Alikuja na kengele yake, akasimama njia panda, akanadi vibua mpaka mate yakamkauka. Hakutoka mtu. Akapanda baiskeli kwa hasira, akapaza sauti kwa mtaa mzima, "Haya, kuleni wenyewe! Siku mkija kuniomba kipande cha papa, nami nitajifungia!" Tatu alicheka akalala chini. Mimi nilitaka kumkimbilia nimwambie arudi apige kengele tena, asiuze kitu, apige tu.

Jioni tulikaa kizingitini tukala mihogo. Hapakuwa na sauti ya kinu, wala mama wa mtu akiita mtoto, wala redio. Basi likipita Shabani alitaja linakoelekea. Siku moja, bila kunitazama, alisema, "Dada, Mbwera kuna watu?" Nikamwambia wapo. "Wengi?" Nikamwambia wengi. Akatafuna polepole. "Basi mimi nitakwenda na Baba Mkubwa. Huku hakuna watu." Sikumgombeza. Alikuwa amesema kweli, na kweli ile iliniuma kuliko uamuzi wa wazee, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kupigana na watu wazima, sikujiandaa kupigana na hamu ya mtoto ya kusikia sauti za wenzake.

Baba Mkubwa alikuja masika ilipotulia, kama alivyosema. Alipanda boti hadi Nyamisati, akapata gari la kubeba mizigo hadi Kibiti, na akaingia mtaani asubuhi, kikapu cha kamba wakavu mkononi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni mwenye jambo zito haendi moja kwa moja kwa mwenyeji. Mtu mwenye adabu akija kuondoa watoto mahali, hupita kwanza kwa majirani, akawaamkia, akawaeleza, ili asionekane mwizi. Akaona moshi kwa Mama Pili, uwanja umefagiwa, kuku wanachakura. Akapiga hodi. Kwetu hodi ni tatu. Isipoitikiwa ya tatu, mwenye heshima hugeuka, hasukumi mlango wala hachungulii. Akageuka, akaenda nyumba ya pili. Moshi, uwanja safi, kimya. Akaenda ya tatu, na ya nne.

Mimi na Tatu tulikuwa kisimani. Tuliporudi tulimkuta amekaa barazani kwetu, kofia ameivua na kuiweka gotini, uso umemshuka kama aliyetoka kuzika.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Siwema, mmewaambia nini watu wa mtaa huu?"

"Hatujawaambia kitu."

"Mbona wamenisusa? Nimepiga hodi mlango kwa mlango. Moshi unatoka, mtu haitiki. Hata wa kunitukana nimekosa! Mimi nimekuwa nani, mimi? Damu yangu mwenyewe nikija kuichukua ndiyo nigeuke mchawi?"

Tatu aliweka kikopo chake cha maji chini, akamtazama kwa huruma. "Hawapo. Wamekwenda kulinda ndege."

"Wote?"

"Wote."

"Na moshi?"

"Wa dada."

Hakuamini. Nikafungua pindo la kanga, nikamwonyesha funguo, nikampeleka kwa Mama Pili. Aliinama kuingia, akasimama katikati ya jiko lisilo na chungu, akatazama juu. Mkata boriti huijua miti kama sisi tunavyojua nyuso. Akainua mkono, akapapasa paa, akanusa vidole. Akatoka akaingia nyumba nyingine, na nyingine. Kwenye nyumba ya mwisho aliuliza, "Unaingia humu peke yako kila siku? Huogopi?"

"Naogopa," nikamwambia. "Lakini naogopa nikiwa napulizia."

Tulirudi barazani. Shabani alikuwa ametoka shule, amekaa kando ya kikapu cha kamba, ananusa harufu ya bahari. Baba Mkubwa akamweka mkono kichwani na kusema amekuja kuwachukua, kama ilivyokubaliwa. Nikamwekea funguo miguuni.

"Basi hizi nimpe nani?"

Aliinama, akazigeuza moja moja kwa kidole.

"Wenyewe wakirudi," nikasema, "watakuta nyumba zimelowa, na watoto hawapo, na hakuna aliyeagwa. Shabani ndiye anayeleta makumbi. Tatu ndiye anayeshika mlango. Mimi peke yangu siziwezi."

Shabani, ambaye tangu aanze kunusa bahari sikuthubutu kumtazama, akasema kwa sauti ndogo, "Kesho zamu yangu kwa Mama Pili pia. Kuku mmoja anaatamia." Sijawahi kumuuliza kama aliahirisha Mbwera kwa ajili yangu au kwa ajili ya kuku.

Baba Mkubwa akavaa kofia. Alisema hawezi kuwaondoa watoto katika mtaa ambao hakuna wa kumuaga. Angeonekana amewaiba mchana kweupe. Atarudi watu watakaporudi. Akatuachia kamba wote, akaenda kutafuta gari. Nilimtazama akipita mbele ya zile nyumba zenye moshi, na nikaona kwamba bado anatembea kando ya njia, kwa adabu, kama mtu anayetazamwa.

Mavuno yalikuwa mema. Watu walirudi na magunia, watoto weusi kwa jua, sauti zimekauka. Kila aliyefungua mlango wake alikuja kwetu na ungo wa mchele. Baba Mkubwa naye alikuja, na safari hii alipopiga hodi aliitikiwa kila mahali, tena habari zake zilikuwa zimeshafika bondeni. Mama Pili alimngojea barazani.

"Karibu, Mzee wa Mbwera! Hodi zako tatu nilizikuta mlangoni, nikazifagia!"

Baraza zima lilicheka, na yeye akacheka mpaka akafuta macho. Kisha wakazungumza kwa sauti za chini, watu wazima watupu, na mimi safari hii sikutoka uani. Nilikwangua sufuria moja mpaka ikakaribia kutoboka. Mwishoni aliniita. Nilitegemea aseme amekubali au amekataa. Alisema, "Watakaa mwaka huu."

Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata alikuja, akala, akapapasa boriti za nyumba yetu, akasema watakaa mwaka huu. Na mwaka uliofuata vilevile, mpaka alipofariki. Nimewalea wadogo zangu mwaka mmoja mmoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe analoliona.

Sasa Kibiti ni wilaya. Mtaa wetu una nyumba za tofali na bati, na bati halihitaji moshi. Wanaokwenda bondeni huweka vibarua kwenye madungu, wenyewe hupiga simu kuuliza ndege wamekula kiasi gani. Mimi napika chakula stendi, na sufuria zangu hazijawahi kukaa tupu juu ya moto. Watu hunisifu kwamba nilishikilia, lakini matokeo yake ukiyatazama kwa haraka yanachekesha. Shabani anaishi Mbwera, anatengeneza injini za boti. Tatu yuko Dar es Salaam, anashona, ameolewa. Kila mmoja yuko palepale wazee walipompangia siku ya arobaini, na mimi ndiye ambaye mpaka leo hakuna aliyesema niende wapi. Kuna jioni ambazo hujiuliza nilipigania nini. Hata hivyo Shabani aliondoka akiwa na ndevu, na Tatu alitolewa kwa ngoma kutoka mlango wa mama yake, na ninyi mliolelewa mkipelekwa huku na kule mnajua tofauti yake bila mimi kueleza.

Idi iliyopita walikuja wote wawili na watoto wao. Tulikaa uani tukila, na Tatu akawa anawasimulia wanawe habari za utotoni. Akawaambia palikuwa na masika moja ambayo haisahau. Mtaa huu ulijaa watu, akasema, kila nyumba ina moto, na yeye aliingia mlango wowote anaoutaka, hakuna wa kumfukuza, akizunguka asubuhi nzima nyumba kwa nyumba. "Siku hizi watu hawaishi hivyo," akasema, akatikisa kichwa.

Shabani alinitazama. Yeye alikuwa mkubwa kidogo wakati ule, anakumbuka. Nikaona midomo yake inataka kufunguka, nikamsogezea sahani ya wali, akaelewa, akala.

Nimelifikiria jambo hilo siku nyingi, asubuhi nikiwa nachochea moto stendi. Mwaka ule wakubwa walitaka kugawana watoto, na sisi kwa kukataa tukabaki kugawana upweke. Siku zote nilidhani mafungu yetu yalikuwa sawa. Kumbe Tatu hakupata hata punje.